Hela ya Tabora: Sarafu Iliyobaki Bila Mwenyewe

Kabla hujaanza kusoma, toa sarafu moja mfukoni. Kama huna, muombe jirani akuazime ya kuangalia tu. Igeuze pande zote mbili. Kama ni sarafu ya shilingi 500, upande mmoja utaona uso wa Mzee Abeid Amani Karume. Upande mwingine utaona nyati. Utaona pia maandishi, namba na mwaka.

Watu wengi hutumia sarafu kila siku lakini hawaisomi. Wanatazama ukubwa na rangi, basi. Lakini sarafu ni kama barua fupi. Inakuambia nani ameitoa, ina thamani gani, na ilitengenezwa mwaka gani. Leo tutasoma barua moja ya zamani sana, iliyoandikwa hapa hapa magharibi ya nchi yetu.

KOPO LA BIBI

Darasa letu moja la kisomo katika Wilaya ya Kasulu hukutana alasiri, watu wakishatoka shambani. Siku moja mwezi wa sita mwaka 2025, baada ya mavuno ya maharage, bibi mmoja mwanakisomo alikuja na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na vitambaa viwili vilivyofungwa fundo.

Alifungua fundo la kwanza. Ilitoka sarafu moja ya rangi ya njano iliyofifia, ukingo wake haujanyooka. Akasema, "Mwalimu, hii aliiacha babu yake baba. Alibeba mizigo ya Wajerumani wakati wa vita. Nasikia kuna watu wananunua kwa mamilioni."

Akafungua fundo la pili. Zilitoka noti 14 za shilingi 10,000, za toleo la zamani. Zilikuwa safi, zimekunjwa vizuri. Akasema, "Na hizi ni zangu mwenyewe. Ni za maharage ya miaka mingi na za mbuzi. Nilizificha ndani ya ukuta ili wezi wasizione. Jana nimekwenda nazo dukani, wamezikataa. Eti zimekufa. Hela inakufaje, mwalimu?"

Darasa zima lilinyamaza. Hata mimi sikujibu upesi. Nilimwambia, "Bibi, hebu tuanze na ile sarafu ya mzee. Tukiisoma vizuri, yenyewe itatujibu swali lako."

TUNAISOMA SARAFU

Tulipitisha sarafu mkono kwa mkono. Kila mmoja alisoma alichoweza.

Wa kwanza alisoma namba: 1916. Huo ni mwaka. Wa pili alisoma namba nyingine: 20. Hiyo ni thamani yake. Wa tatu aliona picha ya taji, yaani kofia ya mfalme. Wa nne alisoma herufi tatu zenye nukta: D.O.A. Wa tano aliona herufi moja peke yake: T.

Lilibaki neno moja: HELLER. Mzee mmoja alilisoma pole pole, silabi kwa silabi. "He-le-ri." Kisha akacheka kwa nguvu. "Kumbe ni hela!"

Ndiyo, ni hela. Heller lilikuwa jina la sarafu ndogo za Kijerumani. Wazee wetu walilitamka kwa Kiswahili, likawa hela. Wajerumani waliondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini kila tunaposema "sina hela" tunataja sarafu yao.

Herufi D.O.A. ni kifupi cha jina la nchi hii wakati huo. Wajerumani waliiita Deutsch-Ostafrika, maana yake Afrika Mashariki ya Wajerumani. Na ile herufi T inataja mji ambamo sarafu ilitengenezwa. Mji huo ni Tabora.

Hapo darasa lilishangaa. Tabora? Sarafu ilitengenezwa Tabora? Ndiyo. Na sababu yake ni ya kusikitisha, kama tutakavyoona.

KABLA YA HELA

Tusifikiri kwamba kabla ya wakoloni watu wa huku hawakujua biashara. Chumvi ya Uvinza ilichemshwa na kuuzwa mbali kwa mamia ya miaka. Majembe ya chuma, mbuzi na ng'ombe vilibadilishwa kwa vitu vingine.

Na sokoni Ujiji kulikuwa na fedha ya aina yake. Mwaka 1874 Mwingereza msafiri, Cameron, alifika Ujiji akaona watu wakinunua kwa shanga ziitwazo sofi. Zilifanana na vipande vidogo vya mtemba wa kuvutia tumbaku. Asubuhi soko likianza, watu fulani walipita na mifuko ya shanga hizo wakiwabadilishia wanunuzi. Soko likifungwa, walizipokea tena kutoka kwa wauzaji. Walipata faida asubuhi na jioni. Hao walikuwa kama benki ya Ujiji.

Shanga zile hazikuliwa wala hazikulima. Zilikuwa na thamani kwa sababu moja tu: kila mtu sokoni alikubali kuzipokea. Shika neno hilo, ndugu msomaji, maana tutalirudia.

Pwani nako kulikuwa na sarafu. Mwaka 1882 Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, alitoa sarafu ndogo za shaba zenye picha ya mizani. Ziliitwa pesa, neno lililotoka India. Na neno rupia nalo limetoka India. Angalia basi: pesa na rupia kutoka India, hela kutoka Ujerumani, na shilingi kutoka Uingereza. Kila mgeni alipita akaacha neno mdomoni mwetu.

MFALME MWENYE LILE TAJI

Taji lililo kwenye sarafu lilikuwa la mfalme mkuu wa Wajerumani, Kaiser Wilhelm wa Pili. Alizaliwa mwaka 1859 akatawala kuanzia mwaka 1888. Hakuwahi kukanyaga nchi hii hata siku moja. Hata hivyo uso wake ulifika vijijini kabla ya Wajerumani wengine wengi, maana ulichorwa kwenye rupia za fedha.

Mwanzoni sarafu zilitolewa na kampuni ya Wajerumani, kuanzia mwaka 1890. Kulikuwa na pesa za shaba na rupia za fedha. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya wakoloni ilishika kazi hiyo yenyewe na kubadilisha hesabu. Tangu hapo rupia moja ikawa hela 100. Sarafu hizo zilitengenezwa Ujerumani zikaletwa kwa meli.

Watawala wa kila mahali walipenda kuweka alama zao kwenye sarafu. Nchi ya Italia, kabla haijaungana kuwa nchi moja mwaka 1861, ilikuwa na watawala wengi. Miongoni mwao walikuwa wenye cheo cha duke, na baadhi yao walitoa sarafu zao wenyewe. Sarafu ilikuwa njia ya kusema, "Mimi ndiye mwenye nchi." Nchi ilipoungana, wale watawala waliondoka na sarafu zao zikaondolewa.

Hapa kwetu sarafu ilikuja pamoja na kodi. Kodi ya nyumba ilianza kukusanywa mwaka 1898. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao. Baadaye ilitakiwa fedha, na kiasi cha kawaida kikawa rupia 3 kwa mwaka. Sasa mtu wa kijijini atapata wapi rupia? Hailimwi shambani. Ilibidi auze mazao au ng'ombe kwa bei ya mnunuzi, au aende kumfanyia kazi mkoloni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Watu wengi walifanya kazi huko. Baadaye, wakati wa Waingereza, Waha wengi walikwenda mpaka kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Waliitwa manamba. Nyuma ya safari hizo kulikuwa na kodi.

Kwa hiyo mkoloni alikuwa na ujanja mkubwa. Yeye ndiye aliyetengeneza sarafu. Yeye ndiye aliyeidai kama kodi. Katikati alipata jasho la watu.

KARAKANA YA TABORA

Mwaka 1914 vita kuu vilianza Ulaya, vikaletwa mpaka huku. Meli za kivita za Waingereza ziliziba njia ya bahari. Sarafu mpya hazikuweza kufika kutoka Ujerumani. Lakini askari walitaka mshahara, wapagazi walitaka ujira, na chakula kilitakiwa kununuliwa.

Gavana Heinrich Schnee alikuwa amehamishia serikali yake Tabora. Kwanza Wajerumani walichapa noti za karatasi hapa hapa nchini. Zilichapwa kwa haraka, na karatasi nyingine zilikuwa duni. Karatasi ililowa, ilichanika, mchwa waliila. Watu wengi walitaka chuma cha kushika mkononi.

Basi mwaka 1916 karakana ya reli pale Tabora iligeuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Karakana hiyo ilijengwa kwa ajili ya kutengeneza injini na mabehewa. Malighafi ilikuwa ni shaba yoyote iliyopatikana, pamoja na maganda ya risasi na ya mizinga. Waliyeyusha, wakakata visahani, wakavigonga mhuri. Nyingine zilikuwa za shaba nyekundu. Nyingi zaidi zilikuwa za shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Ndiyo maana hela ya bibi ilikuwa ya njano.

Mihuri ilichongwa kwa mkono. Kwa hiyo sarafu hazifanani kabisa. Moja ina taji kubwa, nyingine dogo. Moja ina herufi zilizonyooka, nyingine zimepinda. Zilitengenezwa sarafu za hela 20 zaidi ya milioni moja, pia za hela 5.

Karakana hiyo hiyo ilitengeneza na sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba. Sarafu hiyo ina picha ya tembo na mlima. Zilitengenezwa karibu 16,000 tu. Usiichanganye na hela ya shaba. Ni kama kuchanganya ng'ombe na mbuzi kwa sababu wote wana pembe.

MWENYE HELA AONDOKA

Majeshi ya Wabelgiji, ambayo askari wake wengi walikuwa watu wa Kongo, yaliingia kutoka Rwanda na Burundi. Mwisho wa mwezi wa Julai 1916 yalishika Kigoma. Tarehe 19 Septemba 1916 yaliingia Tabora. Wajerumani walikuwa wameondoka kuelekea kusini, na wapagazi wakibeba mizigo yao. Katika vita vile wapagazi wengi sana wa pande zote mbili walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu.

Hebu fikiri. Sarafu ya bibi ilitengenezwa mwaka 1916. Mwaka huo huo serikali iliyoitengeneza ilikimbia mji ilikotengenezwa. Babu alipewa ujira wa mgongo wake, na kabla mvua za masika hazijanyesha, mwenye kuidhamini hela ile hayupo.

Na yule mfalme mwenye taji? Mwezi wa Novemba mwaka 1918 Ujerumani ilishindwa. Tarehe 9 mwezi huo Wilhelm alitangazwa kuwa amejiuzulu, na kesho yake alikimbilia Uholanzi. Aliishi huko mpaka alipokufa mwaka 1941. Askari wake wa huku Afrika walikuwa bado wanapigana. Walisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, nchini Zambia. Taji liliondoka kichwani mwa mfalme, lakini lilibaki kwenye sarafu ndani ya kopo la maziwa.

Wabelgiji walikaa Kigoma mpaka mwaka 1921, kisha wakawaachia Waingereza. Waingereza wakaleta shilingi ya Afrika Mashariki yenye picha ya simba. Baada ya Uhuru, tarehe 14 Juni 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango. Tukapata shilingi yetu wenyewe. Wazee wanakumbuka senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi moja yenye mwenge wa Uhuru.

SASA, HELA INAKUFAJE?

Hapo ndipo tuliporudi kwenye swali la bibi.

Rupia ya zamani ilikuwa na fedha halisi ndani yake, karibu gramu 11 za fedha safi. Hata baada ya Wajerumani kuondoka, sonara aliweza kuiyeyusha akatengeneza bangili. Thamani fulani ilikuwa ndani ya madini yenyewe.

Lakini hela 20 ya Tabora ilikuwa kipande cha ganda la risasi. Shaba yake haikufika hata karibu na thamani iliyoandikwa juu. Thamani yake ilikuwa katika ahadi. Serikali ilisema, "Pokea kipande hiki. Ukituletea kama kodi, tutakihesabu hela 20." Serikali ilipoondoka, ahadi iliondoka nayo. Kilichobaki ni shaba.

Fedha zote za siku hizi ni za namna hiyo. Noti ya shilingi 10,000 ni karatasi. Ina thamani kwa sababu Benki Kuu ya Tanzania inaidhamini, na sisi sote tunakubali kuipokea. Ni kama zile shanga za Ujiji.

Mfano mwingine mnaujua ninyi wa Kibondo. Pale Mabamba mpakani utakutana na faranga za Burundi. Mfanyabiashara wa pale anazijua na anaweza kuzikubali. Zipeleke Dodoma ukanunue sukari, uone. Noti haijabadilika, lakini umetoka mahali ambapo ahadi yake inajulikana.

Basi jibu la swali la bibi ni hili: hela hufa pale anayeidhamini anapoondoka, au anapotangaza kwamba haidhamini tena.

NOTI ZA BIBI

Na hapo kuna tofauti kubwa kati ya fundo la kwanza na fundo la pili.

Babu hakuwa na la kufanya. Serikali ya kigeni ilimlipa kwa ahadi, ikakimbia. Hakuna aliyemtangazia. Hakuna aliyemwambia abadilishe wapi.

Lakini noti za bibi zilitangazwa. Benki Kuu ilitangaza kuziondoa kwenye mzunguko noti za zamani za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000, zilizotolewa kuanzia mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Watu walipewa muda wa kuzibadilisha katika benki, kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Miezi mitatu. Baada ya hapo hazikuwa tena fedha halali kwa malipo.

Noti za bibi zilikuwa ndani ya ukuta miezi yote mitatu. Tangazo lilisomwa redioni, lakini redio ya bibi haikuwa na betri. Lilibandikwa mjini, lakini bibi hakwenda mjini. Na mwaka ule alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusoma. Shilingi 140,000 zilikuwa jasho lake la miaka kadhaa.

Sikumcheka, na darasa halikumcheka. Nilijilaumu mwenyewe. Mwezi wa kwanza mpaka wa nne tulikuwa tunasoma hapo darasani habari za mbolea na uzazi wa mpango. Ni masomo mazuri. Lakini lile tangazo la Benki Kuu sikulileta darasani hata siku moja. Mwalimu wa watu wazima asiyeleta matangazo darasani anafundisha herufi, hafundishi kusoma. Tangu siku hiyo, kila kipindi tunaanza na tangazo moja: la serikali ya kijiji, la zahanati, la ushirika au la benki. Mwanakisomo mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, halafu tunaulizana: "Linatutaka tufanye nini, na kabla ya siku gani?"

Bibi nilimshauri aende benki mjini Kasulu na mjukuu wake akaulize mwenyewe, asitegemee maneno ya dukani wala yangu. Kuuliza si aibu. Alikwenda. Jibu lilikuwa lile lile: muda umepita.

TAHADHARI: WANUNUZI WA RUPIA

Sasa turudi kwenye ile sarafu ya shaba. Bibi alisikia kuna watu wanaonunua kwa mamilioni. Habari hizi zimeenea nchi nzima. Huko na huko watu wamechimba kuzunguka maboma ya Wajerumani wakitafuta rupia. Wengine wanasema sarafu hizo zina nguvu za ajabu.

Ndugu msomaji, tumia akili uliyopata kwenye somo hili. Sarafu iliyotengenezwa zaidi ya milioni moja si adimu. Wapo watu duniani wanaokusanya sarafu za zamani, nao hununua. Lakini hela 20 ya shaba haiwezi kumfanya mtu tajiri. Na haina nguvu yoyote zaidi ya ganda la risasi lililoyeyushwa.

Angalia dalili za tapeli. Kwanza, anataka utoe wewe hela kabla hajakupa yake. Anasema ni ya "kipimo", ya "dawa" au ya "usafiri wa tajiri". Pili, anakutaka ufanye siri, usimwambie hata mkeo au mumeo. Tatu, ana haraka. Ukiona hata moja ya dalili hizo, funga mlango na uite mwenyekiti wa kitongoji.

Na ukipata sarafu ya zamani shambani, usiisugue kwa mchanga, majivu wala ndimu. Utafuta maandishi, na maandishi ndiyo historia. Ipanguse kwa kitambaa laini. Andika kwenye karatasi: imepatikana wapi, lini, na nani. Waonyeshe walimu wa shule na ofisi ya utamaduni ya wilaya. Ipo Makumbusho ya Taifa inayotunza vitu vya kale. Usibomoe wala kuchimbachimba majengo ya zamani. Hayo ni mali ya taifa.

MAMBO MATANO YA KUKUMBUKA

1. Kila sarafu na noti ina mambo matatu ya kusoma: nani ameitoa, thamani yake, na mwaka au toleo lake.

2. Thamani ya fedha ya siku hizi iko katika ahadi ya anayeitoa, haiko katika karatasi wala chuma.

3. Fedha iliyofichwa ukutani au kuzikwa haisikii matangazo. Angalau mara moja kila miezi mitatu, itoe uiangalie. Afadhali zaidi iweke benki, kwenye chama chenu cha kuweka na kukopa, au kwenye akaunti ya simu. Iliyo kwenye akaunti haihitaji kubadilishiwa noti.

4. Ukisikia tangazo la fedha, uliza benki au ofisi ya kata. Usingoje siku ya mwisho.

5. Mtu anayetaka siri na haraka katika biashara ya rupia ni mwizi.

MANENO YA SOMO HILI

Karakana: mahali pa kutengenezea mashine na vyuma.
Kudhamini: kusimama nyuma ya kitu na kukubali kuwajibika kwacho.
Mzunguko: kupita kwa fedha kutoka mkono mmoja hadi mwingine.
Fedha halali: fedha inayotambuliwa na sheria katika malipo.
Adimu: kitu kisichopatikana kwa urahisi.

HESABU

1. Rupia moja ilikuwa hela 100. Kodi ilikuwa rupia 3. Babu angehitaji sarafu ngapi za hela 20 kulipa kodi ya mwaka mmoja?

2. Kabla ya mwaka 1904 rupia moja ilikuwa pesa 64. Nusu rupia ilikuwa pesa ngapi? Robo rupia je?

3. Mama ana noti 9 za shilingi 10,000 na noti 7 za shilingi 5,000. Ana shilingi ngapi?

Majibu: (1) Sarafu 15. (2) Pesa 32, pesa 16. (3) Shilingi 125,000.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini mkoloni alitaka kodi ilipwe kwa fedha, badala ya mtama au maharage?

2. Katika kijiji chenu, tangazo la serikali hufikaje kwa mtu asiye na redio wala simu? Nani ana wajibu wa kumfikishia?

3. Wazee wa kwenu wanakumbuka sarafu gani za zamani? Andika majina yake na walichoweza kununua.

Bibi bado anakuja darasani. Ile hela ya Tabora hakuiuza. Ameifunga tena kwenye kitambaa chake, na juu ya kopo amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Herufi zimepinda kidogo, kama zile za mihuri ya Tabora. Ameandika: "Hela ya babu. 1916. Haitumiki." Na kwenye ukuta, pale alipokuwa akificha noti, ametundika kalenda. Kila tangazo tunalosoma darasani analiandika kwenye tarehe yake.